Maharagwe Yaliyovuka Mpaka

Sitaki kuambiwa na mtu yeyote kwamba mmea haujui kuguswa. Juzi, hapa Matisi ninapoishi, kijana mmoja jirani alinikuta kwenye bustani yangu nyuma ya nyumba, nikipitisha viganja polepole juu ya miche ya mahindi kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Akacheka.

"Nyanya, si unayasumbua bure, bana? Ati yanasikia?"

Nikamwambia yanasikia kumshinda yeye. Akaenda zake akitikisa kichwa. Mimi nimezoea kutikisiwa vichwa. Nimetikisiwa vichwa tangu nikiwa msichana wa kuteka maji, na bado niko hapa, na mahindi yangu yako hapa.

Nilizaliwa katika shamba la mzungu upande wa Kitale, si mbali na lile daraja la Mto Nzoia ambalo siku hizi watu huliita Moi's Bridge. Baba alikuwa akiongoza ng'ombe wa plau. Mama alipalilia. Tulipewa kibanda na kipande cha kulima, na kwa malipo hayo mzungu alitufanyisha kazi kama punda, lakini hayo si ninayotaka kusimulia leo. Ninachotaka kusimulia ni kwamba pale ndipo nilipoyaona mahindi kwa mara ya kwanza, kuyaona kwelikweli, si kuyala tu.

Shamba la mzungu lilikuwa la mahindi matupu, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Ukiingia katikati, mahindi yalikuwa marefu na membamba, yamebanana, kila jani likimgusa jirani. Ukitoka pembeni, mstari wa mwisho ulikuwa mfupi na mnene, na mizizi yake ya juu imetanuka kama mtu aliyesimama akipanua miguu. Nilimwuliza mama kwa nini, maana mbegu ilikuwa moja na mvua moja.

"Ya katikati yanagusana yenyewe kwa yenyewe," akasema. "Jani likishagusa jani la mwenzake linajua nafasi imekwisha, basi linainuka kutafuta juu. Haya ya pembeni yanaguswa na upepo, yanaguswa na ng'ombe wa baba yako wakipita. Huku kusukumwasukumwa kunayafanya yashike chini."

Mama hakuwa mtu wa kujua kila kitu. Aliamini pia kwamba viazi vitamu vikipandwa mwezi ukiwa mchanga huota nywele, na sijawahi kuona kiazi chenye nywele zaidi ya kile kilichooza. Lakini katika kipande chetu kidogo alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, umande ukishapungua, alipita kati ya miche akiipapasa kwa viganja vyote viwili, huku na huku, mpaka mwisho wa mstari. Aliita huko kuisalimu. Na kwetu Bungoma salamu si neno la kurushiwa mtu ukiwa mbioni. Salamu ni mkono, na mkono ukishashikwa hauachiliwi upesi. Mnaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, na mikono bado imeshikana.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika msimu wa baridi, muda si mrefu baada ya Vita vya Pili kumalizika. Nyapara alikuja kutuambia kwamba kibanda kinahitajiwa na mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Mama alimfunga mdogo wangu wa kiume mgongoni, akafunga mbegu za mahindi na za maharagwe ya kutambaa kwenye pembe ya leso yake, akanipa mimi sufuria, tukashika njia ya kwenda kwa kina baba, kwenye mgongo wa kilima ng'ambo ya Lugulu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye mdomo. Mdomo huo sijaupunguza.

Huko tulimkuta kaka yake baba, ambaye mimi nilimwita baba mkubwa. Alitupokea vizuri. Tuliomboleza, tukanyolewa, watu wakala wakaenda. Kisha baba mkubwa akamwita mama mbele ya wanaume wa ukoo, akasema yaliyokuwa yakisemwa siku zote: mjane wa ndugu yake ni wake kumtunza, na kuanzia sasa atamhesabu kama mke wa pili.

Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Akasema, "Hapana, shemeji."

Wakadhani hajaelewa. Mzee mmoja akamweleza tena, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa.

"Nimesikia," mama akasema. "Nilikuwa na mume. Nilimpenda. Sihitaji wa kuazima. Shamba alilopewa na baba yake lipo, mimi nina mikono, na watoto wake ninao. Nitalima hapa."

Kelele zilizofuata sitazirudia. Baba mkubwa hakumchukia mama, wala hakumpenda. Alilitaka lile shamba la baba, ambalo lilikuwa zuri kuliko lake na lilishuka hadi kijitoni. Mama akiwa mke wake, shamba ni lake. Mama akiondoka, shamba ni lake vilevile. Njia zote mbili zilikuwa zimemwelekea yeye, isipokuwa ile moja ambayo mama alikuwa ameikalia.

Wazee wakaamua hivi. Ghala la baba, alilolisuka kwa fito kabla ya kwenda Kitale, lilikuwa bado limesimama uani, tupu, limejaa panya. Kama mama angelijaza mpaka kwenye mlango wake wa juu, chini ya paa, kwa mavuno ya msimu ule, basi ameonyesha kwamba anaweza kulisha watoto wa ukoo, akae. Kama halikujaa, arudi kwao. Na sisi watoto tungebaki, kwa sababu watoto ni wa boma.

Nililisikia hilo nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba, na sufuria mkononi. Niliogopa. Kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi.

Baba mkubwa hakuridhika. Akaongeza lake. Alisimama uani akatangaza kwamba kwa kuwa mwanamke huyu hataki kuwa wa mtu, basi asiguswe na mtu. Asipewe mkono. Asiazimwe jembe wala asikatiwe ufito kwenye miti ya boma. Mtu yeyote asikanyage shamba lake, na yeye asikanyage la mtu. Kitu chake chochote kisiguswe na mtu mzima wa boma lile, naye asiguse cha mtu, hadi mavuno.

Wasiokulia kwetu wanaweza kuona hicho si kitu. Niliwaona wanawake tuliokutana nao kisimani wakiificha mikono nyuma au wakishika mitungi kwa mikono yote miwili ili wasilazimike. Wengine waliona haya. Mama alinyoosha mkono wake kila mara, kila mtu, akauacha hewani kidogo, akaurudisha, akasema, "Habari ya asubuhi." Nilimwomba aache. Akaniambia, "Mimi nasalimu. Wasiosalimu ni wao."

Sisi watoto marufuku haikutuhusu. Tulikuwa damu ya boma. Ningeweza kupita mpaka wowote nilivyotaka.

Mama akalima peke yake, mimi nikimfuata kwa kijembe kilichokatika mpini. Mahindi yakaota. Na asubuhi, kama alivyofanya Kitale, akapita kati ya mistari akiyapapasa. Watu wa boma walisimama kwenye miinuko wakitazama mjane asiyepewa mkono akiwapa mkono mahindi, na wakatikisa vichwa. Wakasema uchungu umempanda kichwani. Mimi niliona haya siku za kwanza. Halafu nikaanza kupita mstari wa pili, sambamba naye, nikiyapapasa kwa nguvu huku nikiwakodolea macho wale waliosimama kule juu.

Mahindi yakafika magotini, na hapo mama akapanda maharagwe. Alipanda mengi katikati ya mahindi, na mengi zaidi, mengi kupita kiasi, kwenye ukingo wa shamba, pale ambapo mahindi yetu yalikuwa yamekwisha na hapakuwa na kitu cha kukwea. Fito alikuwa amekatazwa. Ng'ambo ya ukingo huo kulikuwa na utepe wa majani usiozidi upana wa mkeka, na ng'ambo ya majani kulianza mahindi ya mke wa baba mkubwa, ambaye kwangu alikuwa mama mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa maneno. Tangu tulipofika hakuwa amesema nasi zaidi ya lile la lazima, na baada ya marufuku hakusema kabisa. Nilimchukia. Nilimchukia hasa kwa sababu kisimani yeye hakuona haya wala hakuficha mikono. Aliiacha ikining'inia tu, anautazama mkono wa mama, anajitwisha mtungi, anaondoka.

Kazi yangu ilikuwa kupalilia ukingo, na ndiko nilikoyajua maharagwe. Haragwe la kutambaa likikosa cha kushika halilali chini likasubiri. Ncha yake inasimama hewani na kuzunguka. Asubuhi nilikuta ncha moja imeelekea Mlima Elgon, nikapalilia, nikainua macho, imeelekea Lugulu. Mchana imeelekea kwetu, jioni imegeukia mlima tena. Inatafuta, kama mkono wa mtu anayepapasa ukuta ndani ya nyumba yenye giza. Na ikigusa kitu, ufito, mguu wa mahindi, hata jembe langu nililoliegemeza pale nikalisahau, inajua. Inainama upande ule uliogusa na kuanza kukizunguka. Jembe langu nililichomoa kesho yake likiwa tayari limekumbatiwa.

Nilijaribu kulichokoza. Nikalifungua haragwe moja kwenye bua la mhindi, nikalizungusha upande mwingine, kinyume na lilivyokuwa, nikalikaza vizuri. Asubuhi nikalikuta limejifungua lenyewe, linaning'inia, na ncha yake imeanza upya upande wake wa zamani. Nilicheka peke yangu shambani. Nilijiambia, huyu ni mama yangu huyu.

Basi zile ncha za ukingoni zilizunguka na kuzunguka, zikarefuka, zikaanza kuinamia utepe wa majani. Hazikufika. Mahindi ya mama mkubwa yalikuwa mbali kwa kiasi cha kiganja.

Asubuhi moja nilitangulia shambani kabla ya mama, nikamkuta mama mkubwa kwenye mpaka, upande wake. Hakuniona, au aliniona akajitia hamnazo. Alikuwa ameshika mguu wa mhindi wake mwenyewe, ule wa mstari wa mwisho, anauinamisha taratibu kuelekea kwetu. Akapiga kijiti ardhini, katika udongo wake, akaufunga mhindi kwenye kijiti kwa kamba ya mgomba ili ubaki umeinama. Kisha akahamia wa pili, akaufanya hivyo hivyo. Maharagwe yetu hakuyagusa. Hata nguo yake haikuyagusa. Aliikusanya kwa mkono mmoja kila alipoinama. Alipomaliza mstari akaenda zake.

Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo. Kabla ya jioni ncha moja ilikuwa imegusa jani lililoinama. Kesho yake nyingine, na nyingine. Sikumwambia mama. Sikujua nimwambie nini, kwa sababu mtu niliyemchukia nilikuwa sina tena uhakika wa kumchukia.

Leo najua alichokuwa akifikiri, maana aliniambia mwenyewe nikiwa na watoto wangu. Alikuwa amemsikia baba mkubwa akipanga kwamba mama akiondoka, katika shamba lile ataweka msichana ambaye tayari alikuwa amemwona huko Kimilili. "Mama yako alikataa kuwa mke mwenzangu," akaniambia. "Katika boma lile lote hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kubwa kama hiyo. Ningemwachaje aende?"

Baba mkubwa aliyaona maharagwe yakiwa tayari yamefika kimo cha kiuno juu ya mahindi ya mkewe. Akaniita.

Na hapa sharti nieleze sheria ya kwetu, ya mgongo wa kilima kile. Mmea unaotambaa, boga au haragwe, ukivuka mpaka haukatwi kwa panga. Panga mpakani ni ugomvi. Mwenye mmea anaurudisha kwa mkono wake, au mwenye shamba lililoingiliwa anamrudishia. Lakini ukiachwa mpaka ukachanua ng'ambo, basi hakuna wa kuurudisha tena. Ni wa wote wawili, na wote wawili watauvuna. Kila mtu aliijua sheria hiyo, na baba mkubwa aliijua kuliko wengi, maana alishawahi kula maboga ya jirani kwa sheria hiyo hiyo.

"Kayafungue," akaniambia. "Wewe ni damu ya hapa, wewe unaruhusiwa. Yafungue yote uyarudishe kwa mama yako."

Nikaenda. Niliyafungua, siwezi kukataa, niliyafungua kwa mikono hii, moja moja, nikayalaza upande wetu, na nililia nikiyafungua. Lakini sikuiondoa ile mihindi iliyoinamishwa. Wala sikumwambia mtu habari zake. Asubuhi ya pili ncha zikasimama. Baada ya hapo zikawa zimekwisha kushika tena, zote, upande ule ule, mzunguko ule ule. Nikarudi kwa baba mkubwa, nikasimama mbele yake.

"Yamekataa," nikasema.

"Nini kimekataa?"

"Maharagwe, baba. Nimeyafungua yakarudi. Yakishaguswa na mahindi ya mama mkubwa yanashika. Labda uyakataze na hayo pia yasiguswe."

Kofi lililonipata nililisikia mpaka kwenye meno. Halikuniuma kama alivyotaka. Nilirudi nyumbani na shavu limevimba, na mama akanitazama, akauliza nimefanya nini, nikamwambia. Halafu akanigawia kipande cha viazi kikubwa kuliko chake.

Baba mkubwa akasafiri kwenda Kitale kutafuta fahali wa kulimia, akakaa huko kuliko alivyokusudia. Aliporudi, maharagwe yalikuwa yamechanua meupe mstari mzima, juu ya mahindi ya mkewe.

Alishuka shambani na panga. Tulimwona kutoka upande wetu, mama na mimi. Mama aliweka jembe chini akasimama wima. Asingeweza kuvuka. Lakini mama mkubwa alikuwa katika shamba lake, akipalilia, na alipomwona mumewe anainua panga akaja akasimama kati yake na mstari. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake vizuri, sauti nene, isiyo na haraka.

"Yamechanua," akasema.

"Nimeona. Toka."

"Yakichanua hayakatwi. Si wewe uliyekula maboga ya watu ukisema hivyo?"

"Kwa nini hukuyarudisha? Ulikuwa hapa kila siku!"

"Ningeyarudishaje? Ulisema kitu chake kisiguswe." Akainua mikono yake miwili, mitupu, akamwonyesha. "Mimi sijakigusa. Na yeye ulisema asikanyage kwangu. Hajakanyaga. Ati sasa ulitaka nani ayafungue? Mtoto ulimtuma, yakarudi. Tumekutii wote, baba watoto."

Baba mkubwa alisimama pale na panga lake. Nilimwona akigeukia kwetu, akigeukia mahindi, akigeukia mkewe. Mwisho akapandisha kilima, panga likining'inia. Mara nyingi nimefikiri kwamba asingepiga marufuku ile, angetuondoa bila shida. Mkewe angelazimika kuyarudisha maharagwe kwa mkono siku ya kwanza, kama jirani yeyote, na habari ingeishia hapo. Alijifunga mwenyewe, na fundo alilikaza kwa mdomo wake.

Nisidanganye nikasema mambo yakawa mepesi baada ya hapo. Mvua ya mawe ilipiga kabla mahindi hayajakomaa. Iliyavunja yetu na ya kila mtu. Mahindi marefu ya juu kilimani yalilala kabisa. Yetu yalisimama zaidi ya nusu. Sijui kama ni mikono ya mama asubuhi zile zote iliyoyafanya mafupi na manene, au ni samadi, au ni kwamba mawe yalitupunguzia tu. Pale mpakani, ambako maharagwe yalikuwa yameyafunga mahindi ya mama mkubwa mguu kwa mguu, ulianguka mhindi mmoja mmoja tu. Hiyo ndiyo niliyoiona kwa macho, na siwezi kushindana na macho yangu.

Mavuno yakafika. Tulikata, tukabeba, tukamenya, tukapakia ghala la baba. Mama alipanda ngazi, mimi nikampa vikapu. Mahindi yakapanda, yakapanda, kisha shamba likaisha na ghala halijajaa. Palibaki nafasi ya kimo cha mkono kutoka kwenye mahindi hadi mlangoni. Tukarudi shambani tukaokota hata vigunzi vyenye punje chache zilizoliwa na ndege. Maharagwe yetu ya katikati yakaingia pia. Bado.

Mama alikaa chini kivulini mwa ghala, miguu ameinyoosha kama siku ile mbele ya wazee. Mdogo wangu alikuwa analala mapajani pake, naye alikuwa akimpapasa mgongo, huku na huku. Nikaelewa kwamba anamuaga.  Nilitaka kulichoma moto lile ghala.

Wazee walikuwa wamekuja tayari, wamepewa viti. Baba mkubwa alikuwa nao, uso wake mtulivu kama wa mtu mwenye huruma.

Ndipo mama mkubwa akaingia uani kutoka shambani. Alikuwa amebeba kichwani mzigo wa mabua mazima, makavu, mahindi yake yakining'inia na maharagwe makavu yameyazunguka toka chini hadi juu. Nyuma yake binti zake wawili, kila mmoja na mzigo wake. Walipita mbele ya viti bila kugeuka. Hawakwenda kwenye ghala lao. Mama mkubwa aliutua mzigo wake chini ya ghala la baba, akakumbatia mabua, akaanza kupanda ngazi.

Baba mkubwa akainuka. "Wewe! Hayo mahindi si yake. Ni yako."

"Mahindi ni yangu," akasema akiwa juu ya ngazi. "Maharagwe ni yetu wawili, mimi na yeye. Yameshikana."

"Basi yatenganishe! Weka yako kwako!"

Mama mkubwa akamtazama kutoka juu. Akachomoa bua moja kati ya yale aliyoyakumbatia, lililofungwa na haragwe kama lilivyo, akamnyooshea.

"Njoo uyafungue wewe," akasema. "Ila usiyaguse. Ya kwake hayaguswi."

Mzee mmoja alicheka. Alijaribu kukohoa lakini kilikuwa kicheko, na mwenzake akamfuata. Baba mkubwa alibaki amesimama katikati ya ua, mikono haina pa kwenda. Binti zake wakampandishia mama yao mizigo, mabua na yote, akaikandamiza ndani kwa magoti, hadi majani makavu yakachomoza mlangoni na mlango haukufunga.

Wazee wakainuka, wakatazama, wakasema limejaa. Mmoja akasema mabua si mahindi. Yule aliyecheka akamwambia hakuna aliyesema lijazwe na nini, lilisemwa lijazwe.

Mama mkubwa akashuka ngazi. Akajipangusa viganja kwenye nguo, akaenda mpaka mahali mama alipokaa, akanyoosha mkono.

Mama hakuwa ameguswa na mkono wa mtu mzima tangu mvua za kwanza. Aliutazama ule mkono kama mtu anayeulizwa swali gumu. Nikamwona anainua wake, taratibu, ukitafuta, mpaka vidole vikagusana, na vilipogusana ukashika.

Wakaulizana habari za watoto. Wakaulizana habari za mvua ya mawe, za ng'ombe, za kuku aliyeibiwa na mwewe. Mama alikuwa analia huku anajibu. Baba mkubwa akawaambia inatosha, waachane. Akawaambia tena. Alipochoka kungoja akachukua fimbo yake akaondoka, na walikuwa bado wameshikana.